Mgodi, bohari na treni: Songwe ilivyopimwa na corona

Agosti 2020, ndege nyingi duniani zikiwa bado zimeegeshwa na miji mikubwa ikihesabu wagonjwa, bei ya dhahabu ilivuka dola 2,000 kwa wakia kwa mara ya kwanza katika historia. Wenye fedha wa London na New York walikuwa wakikimbilia mahali salama pa kuweka akiba. Habari hiyo ilikuwa na maana ya pekee Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe, kwa sababu wilaya hiyo imekaa juu ya dhahabu. Miezi hiyohiyo, hospitali nyingi zilikuwa zikigombania glovu na barakoa kwa wafanyabiashara walewale wachache.

Mji mmoja, ugonjwa mmoja, mwaka mmoja: kuna waliopata neema na kuna waliobaki wakiomba Mungu. Ndiyo maana swali la nani hufanya vizuri zaidi wakati wa janga la afya, kampuni ya umma au ya binafsi, linafaa kuulizwa Songwe kuliko katika kumbi za mikutano za Dodoma. Huko Dodoma majibu mawili yako tayari siku zote. Upande mmoja utasema Serikali haiwezi biashara. Mwingine utajibu kwamba mwenye mtaji hajali chochote ila faida. Mkoa wa Songwe, wenye mgodi wa wawekezaji, hospitali ya kanisa, reli ya serikali mbili na mpaka uliojaa malori ya watu binafsi, unakataa majibu yote mawili.

Kwa asiyeijua Mkwajuni, iko katika bonde la Ziwa Rukwa, kwenye joto, mbali na baridi ya Mbozi. Wilaya yake ilimegwa kutoka Chunya, na mkoa wenyewe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mgawanyo huo ulileta kichekesho cha kijiografia ambacho wenyeji wamekizoea: mtumishi anayetoka Mkwajuni kwenda makao makuu ya mkoa wake, Vwawa, kwa kawaida hupitia Mbalizi, ndani ya Mkoa wa Mbeya. Uwanja wa ndege uitwao Songwe nao uko Mbeya. Katika hali ya kawaida hayo ni ya kucheka. Siku mgonjwa anapohitaji mtungi wa oksijeni, barabara ya vumbi ya Mbalizi, Galula, Mkwajuni inaacha kuwa kichekesho.

Dhahabu ya huku ni ya siku nyingi. Wachimbaji walianza kumiminika katika uwanda wa Lupa miaka ya 1920, na mgodi wa New Saza, uliofanya kazi hadi mwaka 1956, ulikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa Tanganyika. Leo mkubwa wa eneo hilo ni New Luika, ulioanza uzalishaji mwaka 2012 chini ya Shanta Gold, kampuni iliyokuwa imeorodheshwa kwenye soko la hisa la London. Mwaka wa corona mgodi huo ulitoa zaidi ya wakia 80,000, na mwaka uliofuata kampuni ikatangaza gawio la kwanza kwa wanahisa wake. Kwa mizani ya biashara, hakuna taasisi ya Songwe iliyopita kwenye janga ikiwa na afya njema kuliko hiyo.

Ni rahisi kuhitimisha hapo kwamba sekta binafsi imeshinda. Tatizo ni kwamba ushindi huo ulitokana na mambo mawili ambayo hayana uhusiano na ubora wa menejimenti. La kwanza ni bei: janga lenyewe ndilo lililopandisha thamani ya bidhaa. La pili ni uzio. Mgodi mkubwa una kambi, jiko lake, zahanati yake na geti lenye mlinzi. Unaweza kuamua nani aingie na nani asubiri nje. Dizeli, saianidi na vipuri huwekwa ghalani kwa sababu kusimama kwa siku moja kunagharimu fedha nyingi, na mwenye hisa hulipia akiba hiyo bila kunung'unika maana anajua faida yake. Kampuni ya namna hiyo ilikuwa imejiandaa kwa corona bila kujua kwamba inajiandaa.

Hatua chache kutoka kwenye uzio huo kuna sekta binafsi nyingine, isiyo na hisa London. Ni wachimbaji wadogo: wenye maduara, wapiga karasha, wanawake wanaoosha mchanga, wenye mitambo ya elusheni, wauza maji, mama lishe. Nao ni binafsi kwa asilimia mia moja. Katika nchi nyingi za Afrika, miezi ya kwanza ya janga ilikuwa na kioja: bei ya dunia ilikuwa ikipanda huku mchimbaji mdogo akilipwa kidogo, kwa sababu ndege zilizokuwa zikibeba dhahabu zilikuwa ardhini na wanunuzi walikuwa wakivizia. Tanzania ilikuwa na bahati ya masoko ya madini yaliyofunguliwa kuanzia mwaka 2019, la Chunya likiwa mojawapo, ambako bei elekezi hubandikwa na Tume ya Madini. Soko hilo ni mkono wa Serikali, na lilimsaidia mfanyabiashara binafsi aliye chini kabisa kujua gramu yake ina thamani gani.

Lakini soko halikumpa maji. Ingia kwenye eneo la karasha uone kazi inavyofanyika. Mashine inasaga mawe, vumbi jeupe linatanda mpaka kope zinabadilika rangi, vijana wanapokezana sururu ileile na kikombe kilekile. Agizo la mwaka 2020 lilikuwa kunawa kwa maji tiririka, na nchi nzima ilijifunza kutengeneza vibuyu chirizi: dumu, kamba, kijiti cha kukanyaga. Ni ubunifu mzuri. Ila dumu lazima lijazwe, na kwenye machimbo mengi maji hununuliwa. Mtu anayeamua kati ya dumu la kuoshea mchanga wenye dhahabu na dumu la kunawia mikono hahitaji kuhutubiwa kuhusu afya ya jamii. Anahitaji bomba. Na vumbi hilo la mawe lilikuwa likiharibu mapafu ya wachimbaji, na kuwafungulia mlango wa kifua kikuu, miaka mingi kabla mtu yeyote hajasikia habari za Wuhan.

Hospitali iliyo karibu nao haina mwekezaji wala si ya Serikali. Mwambani, hapo Mkwajuni, ni ya Kanisa Katoliki na imefanya kazi kwa miaka kama hospitali teule: majengo ya kanisa, huduma za umma, watumishi wanaolipwa na Serikali kwa mkataba. Mfumo huu ni wa zamani nchini, na umebeba maeneo mengi ya pembezoni ambako Serikali ilichelewa kufika. Katika mjadala wa umma dhidi ya binafsi, hospitali za namna hii husahaulika, kwa vile haziingii vizuri katika fungu lolote.

Hata hivyo ni upande huo wa kanisa uliothubutu kusema mapema. Januari 2021, wakati msamiati rasmi ulikuwa «changamoto ya upumuaji» na tiba iliyopigiwa debe ni kupiga nyungu, Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania liliwaandikia waumini kuwaonya juu ya wimbi jipya. Machi mwaka huo, katibu wa baraza hilo, Padri Charles Kitima, alieleza kwamba ndani ya miezi miwili kanisa lilikuwa limepoteza mapadri zaidi ya 25 na masista 60 waliokumbwa na matatizo ya kupumua. Baadhi ya masista nchini ni wauguzi. Taasisi iliyokuwa ikizika watumishi wake haikuweza kuendelea kunyamaza, na kwa kuwa mishahara ya maaskofu haitoki Hazina, ilikuwa na nafasi ya kusema.

Nafasi hiyo mashirika ya umma hayakuwa nayo, na hapo ndipo hadithi ya Bohari ya Dawa, MSD, inapoanza. Bohari iliundwa kwa sheria ya mwaka 1993, na kazi yake ni kununua, kuhifadhi na kusambaza dawa na vifaa tiba kwa vituo vya umma nchini, vikiwemo vya Songwe vinavyohudumiwa na kanda ya Mbeya. Bohari ya namna hiyo huagiza kwa kutazama matumizi yaliyoripotiwa na vituo. Kituo kikisema kimetumia katoni kumi za glovu, agizo linalofuata linahesabiwa kutoka hapo.

Sasa fikiria shirika hilo Mei 2020. Mwanzoni mwa mwezi huo Rais John Magufuli, akizungumza kutoka Chato, alisema sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa kwa siri Maabara Kuu ya Taifa zilirudi na majibu ya corona. Mkurugenzi wa maabara akasimamishwa. Siku hizohizo mkurugenzi mkuu wa MSD, Laurean Bwanakunu, akaondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na brigedia jenerali wa jeshi ambaye kitaaluma ni daktari. Takwimu rasmi za wagonjwa zikasimama kwenye 509, vifo 21, na kubaki hapo kwa zaidi ya mwaka mmoja. Aprili 2022, Rais Samia Suluhu Hassan akamteua Mavere Tukai kuongoza bohari hiyo. Wakurugenzi wakuu watatu katika miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo ugonjwa waliopaswa kuununulia vifaa haukuwa na namba.

Hakuna meneja, awe wa umma au wa binafsi, anayeweza kufanya manunuzi mazuri katika hali hiyo. Akiagiza vingi, ataulizwa ni vya ugonjwa gani. Akiagiza vichache, wodi zitamlilia. Wakosoaji wa mashirika ya umma hupenda kutaja uzembe na wizi, na mara nyingi wana haki. Kwa MSD ya 2020, kosa kubwa zaidi lilikuwa juu yake: mwenye mali, yaani Serikali, alimtaka mtumishi wake apigane na adui ambaye yeye mwenyewe alisita kumtaja.

Kuna mlango wa dharura uliojengwa kabla ya hapo. Vituo vya afya vikikosa dawa MSD, huruhusiwa kununua kwa mshitiri, mfanyabiashara binafsi aliyeshinda zabuni ya mkoa. Mfumo huo ulianzia Dodoma mwaka 2014 kisha ukaenea nchi nzima, na kwa kawaida hufanya kazi vizuri. Janga lilionyesha kikomo chake. Machi 2020 India, inakotoka sehemu kubwa ya dawa zinazotumika Afrika Mashariki, ilizuia kuuza nje viambata na dawa 26, paracetamol ikiwemo. Mshitiri na bohari waligundua kwamba wote wawili walikuwa wakichota kisima kimoja.

Majirani hawakuwa na la kujivunia. Nairobi, shirika la umma la dawa na vifaa tiba, KEMSA, liliingia kwenye kashfa ya manunuzi ya vifaa vya corona yenye thamani ya shilingi bilioni 7.8 za Kenya. Vifaa vilinunuliwa kwa bei za kuruka kutoka kwa kampuni ambazo nyingine zilikuwa changa kuliko ugonjwa wenyewe, kisha shehena kubwa ikabaki ghalani. Hasira za umma ziliiangukia KEMSA, lakini kila mkataba una pande mbili, na upande wa pili wa ile mikataba walikuwa wafanyabiashara binafsi. Lusaka nako kampuni binafsi ya HoneyBee ilikuwa na mkataba wa takriban dola milioni 17 na Wizara ya Afya. Mwaka 2020 ikabainika kwamba baadhi ya glovu na kondomu ilizoleta zilikuwa mbovu. Mwizi wa wakati wa janga, inaonekana, hachagui aina ya usajili.

Kenya hiyohiyo ilikuwa na mfano mzuri ambao haukupata vichwa vya habari vikubwa kama vya kashfa. Kiwanda cha nguo cha Kaunti ya Kitui, KICOTEC, mali ya umma, kilichokuwa kikishona sare za shule na za machifu, kiligeuza cherehani zake kushona barakoa kwa maelfu kila siku. Siri yake haikuwa kubwa: mafundi walikuwapo, mashine zilikuwapo, na uamuzi ulifanyika palepale kaunti bila kusubiri baraka za ngazi nne. Ethiopian Airlines, la Serikali mia kwa mia, lilifanya hivyo kwa kiwango cha bara: liling'oa viti kwenye ndege za abiria, likabeba mizigo na misaada ya vifaa tiba kwenda nchi za Afrika, na kuendelea kupata faida wakati mashirika mengi makubwa ya binafsi yalikuwa yakiomba kunusuriwa na serikali zao.

Lakini pa kujifunzia zaidi ni Tunduma, mji wa mkoa huu ulio mpakani na Zambia.

Mei 9, 2020 Zambia ilitangaza wagonjwa wapya 85 kwa siku moja. Kati yao 76 walikuwa Nakonde, mji unaotenganishwa na Tunduma kwa hatua chache za miguu. Siku mbili baadaye Rais Edgar Lungu alifunga mpaka. Miezi saba tu kabla ya hapo, Oktoba 2019, yeye na Magufuli walikuwa wamesimama hapohapo kuzindua kituo cha pamoja cha forodha, kilichojengwa ili lori lisisimame mara mbili. Sasa malori yalisimama yote.

Foleni ya Tunduma si jambo geni. Wenyeji hupima ukali wake kwa kuuliza kama imefika eneo la Mpemba. Ile ya Mei 2020 ilikuwa ya aina yake kwa sababu hakuna aliyejua mwisho wake. Biashara ya malori ni ya watu binafsi karibu yote, na nguvu yake katika siku za kawaida ndiyo iliyokuwa udhaifu wake siku hizo. Mmiliki mwenye malori matatu anaweza kubadili njia kwa simu moja, jambo ambalo shirika la umma lingehitaji kikao cha bodi. Ila lori linapokaa, mkopo wa benki haukai. Dereva na utingo wanaishi ndani ya kabini: kitanda kimoja nyuma ya siti, jiko la gesi ubavuni mwa tangi, ndoo ya kuogea. Chakula wananunua kwa mama lishe wa kando ya barabara, kwacha wanabadilisha kwa vijana wanaoshika mabunda mkononi, nyaraka wanafuatilia kwa wakala wa forodha mwenye foleni yake mwenyewe. Kila lori lililozuiwa lilikuwa familia ndogo iliyolazimishwa kuishi katikati ya mji wenye msongamano. Kwa kudhibiti ugonjwa wa kuambukiza, huwezi kubuni utaratibu mbaya kuliko huo.

Kenya na Uganda zilikumbana na hali hiyohiyo huko Malaba, na Tanzania na Kenya zikavutana Namanga juu ya vipimo vya madereva. Kote huko mwenye lori alilipa gharama ya kusubiri, na dereva akabebeshwa lawama za kusambaza ugonjwa, ingawa hakuwa na choo cha kutumia wala mahali pa kujitenga. Baada ya siku chache Zambia ilifungua Nakonde tena kwa mizigo, kwa masharti ya kupima na kupulizia dawa.

Na wakati madereva wakihesabu siku, reli ilikuwa inapita palepale. TAZARA, mali ya Tanzania na Zambia kwa nusu kwa nusu, ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na inavuka mpaka huohuo wa Tunduma na Nakonde. Hesabu ni nyepesi. Lori la njia hiyo hubeba tani 30 hivi. Treni ya mabehewa 20 yenye tani 40 kila moja hubeba mzigo wa malori 26 au 27, ikiendeshwa na watu wachache ambao wanaweza kubadilishwa mpakani bila kulala kwa mtu. Kama kuna wakati reli ya umma ilipaswa kung'ara, ni ule.

Haikuwa na uwezo wa kufanya hivyo. TAZARA iliyowahi kubeba zaidi ya tani milioni 1.2 kwa mwaka katika miaka ya 1970 ilikuwa imeporomoka hadi chini ya tani 90,000 katika mwaka wa fedha 2014/15. Ilijiinua kidogo baadaye, lakini injini na mabehewa havikutosha. Kwa miongo kadhaa serikali mbili zilikuwa zimeachiana jukumu la kuwekeza, kila moja ikimtazama mwenzake. Janga halitoi muda wa kuagiza vichwa vya treni. Reli ilikuwa ni silaha nzuri ya kupambana na corona, iliyowekwa stoo bila kupakwa mafuta.

Haki itendeke kwa umma, mali nyingine ya serikali hizohizo mbili iliendelea na kazi bila kelele: bomba la TAZAMA, kilomita zaidi ya 1,700 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lililojengwa mwaka 1968. Mafuta yalipita chini ya ardhi na hayakuhitaji cheti cha kupimwa. Wamiliki ni walewale, serikali ni zilezile. Tofauti ni kwamba bomba halina njia ya kuishi bila pampu zake kutunzwa mara kwa mara, ilhali reli inaweza kudhoofika miaka ishirini kabla mkubwa yeyote hajaaibika.

Kuna kampuni moja ambayo historia yake ingepaswa kusomwa na kila anayebishana juu ya umma na binafsi. TOL Gases ilianza miaka ya 1950 ikizalisha oksijeni, ikapitia mikono ya Serikali, ikabinafsishwa, na Aprili 1998 ikawa kampuni ya kwanza kabisa kuorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Watu wa nyanda za juu kusini wanaijua kwa gesi ya kaboni dioksidi inayovuna Rungwe, ile inayotia mapovu kwenye soda. Oksijeni ya hospitali ilikuwa biashara yake ya kawaida, isiyo na mbwembwe, mpaka wimbi la mwanzoni mwa 2021 lilipofanya mtungi kuwa kitu cha kutafutwa usiku kwa usiku. Kampuni binafsi yenye akili timamu haijengi mtambo mkubwa wa oksijeni ukae bure kusubiri janga la mara moja kwa miaka mia. Wanahisa wake hawatakubali, na hawana kosa. Uwezo wa ziada lazima mtu fulani aulipie, na hapo Serikali haina wa kumsukumia. Iliinuka baadaye, kwa kufunga mitambo ya kuzalisha oksijeni katika hospitali kadhaa za rufaa za mikoa. Fedha za kupambana na UVIKO-19 zilizotoka Shirika la Fedha la Kimataifa zilikuwa shilingi trilioni 1.3, na matunda yake ambayo wananchi wengi wanayakumbuka zaidi ni madarasa 15,000. Madarasa ni mazuri. Hayatoi oksijeni.

Fedha za simu nazo zilikuwa na kituko chake. Nairobi, Safaricom, ambayo Serikali ya Kenya ilikuwa miongoni mwa wabia wake wakubwa, iliondoa ada za miamala midogo ya M-Pesa kuanzia Machi 2020 ili watu waache kushikana noti. Tanzania, Benki Kuu iliongeza viwango vya miamala mwezi Mei, uamuzi wa busara. Kisha Julai 2021, wimbi la tatu likiwa kileleni, ikaja tozo ya miamala ambayo ilirudisha watu kwenye noti hadi ilipopunguzwa kwa asilimia 30 Septemba.

Ukizifuatilia hizi taasisi zote kwenye vitabu vyao vya hesabu, utamkuta mdaiwa mmoja anayejirudia. MSD inadai vituo vya afya vinavyosubiri fedha za Serikali. Hospitali zinadai Mfuko wa Bima ya Afya. Mgodi wa New Luika kwa miaka mingi uliripoti kwa wanahisa wake marejesho ya VAT ambayo haujalipwa. Nani aliye imara wakati wa janga hutegemea sana nani anaweza kuishi huku akiidai Hazina. Mgodi wenye dhahabu unaweza. Hospitali ya misheni kwenye bonde la Rukwa haiwezi.

Chanjo zilipofika Julai 24, 2021, dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson, mstari wa umma na binafsi ulifutika kabisa. Zilitengenezwa na kampuni binafsi, zikalipiwa na walipakodi wa Marekani, zikaletwa kwa mpango wa kimataifa wa COVAX, zikachomwa na wauguzi wa Serikali na wa makanisa. Miezi michache baadaye ikafuata Sinopharm, ya kampuni ya Serikali ya China. Aliyechomwa sindano hakuuliza nani ana hisa.

Tangu wakati huo kuna yaliyorekebishwa. MSD imeongeza mizunguko ya kusambaza dawa kutoka minne hadi sita kwa mwaka, na kiwanda chake cha glovu cha Idofi, Makambako, kiko kwenye barabara kuu ileile inayokwenda Tunduma. Septemba 2025 ulisainiwa mkataba wa miaka 30 wa kuikabidhi TAZARA kwa kampuni ya China ya CCECC, kwa ahadi ya uwekezaji wa dola bilioni 1.4. Wanaoshangilia ubinafsishaji watulie kidogo: CCECC nayo ni mali ya Serikali, ila ni ya Beijing. Magonjwa pia hayakupumzika. Kipindupindu kiliua mamia ya watu Zambia kati ya mwishoni mwa 2023 na 2024. Machi 10, 2025 Tanzania ilipotangaza wagonjwa wake wa kwanza wawili wa mpox, mmoja alikuwa dereva wa lori aliyetoka nchi jirani kwenda Dar es Salaam.

New Luika nao umebadilisha mwenye mali: mwaka 2024 Shanta Gold ilinunuliwa na ETC Holdings ya Mauritius na kuondoka soko la London. Wajibu wake kwa wilaya haukubadilika. Kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini, kilichoingizwa kwa marekebisho ya 2017, kinamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa kurudisha kwa jamii, ukubaliwe na halmashauri, na halmashauri isimamie utekelezaji na kuwaelimisha wananchi kuhusu miradi iliyomo. Mpango wa namna hiyo ndio mahali pekee wilayani ambapo fedha za mwenye akiba na mahitaji ya asiye na akiba vinaweza kukaa kwenye karatasi moja. Glovu na dawa za miezi mitatu za akiba kwa Mwambani na vituo vya jirani, mitungi ya oksijeni inayojazwa kabla haijahitajika, maji ya bomba kwenye makarasha: hivyo vyote vinaweza kuandikwa humo kwa gharama ndogo kuliko ya jengo moja la utawala. Madiwani wa Songwe wana nafasi ya kuliweka hilo mezani katika mpango unaofuata, na mkazi wa Mkwajuni ana haki ya kwenda ofisi ya kata kuomba auone wa mwaka huu.